Shuka Lililochukuliwa na Mwewe

Kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa palibandikwa picha kubwa ya bibi mmoja anayecheka mpaka pengo lake linaonekana. Nyuma yake kulikuwa na jiko jipya la matofali. Chini yake kulikuwa na maandishi mekundu, ambayo bibi mwenyewe hakuweza kuyasoma, ila alikuwa amesomewa na wapita njia mara nyingi hata akayajua kama jina lake: MOSHI KWAHERI. Kila Jumatatu asubuhi bibi huyo huyo, na pengo lile lile, alipita hapo na furushi la mashuka kichwani. Alisimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, halafu akaiambia ile picha kwa sauti ya chini:

"Hujambo, mwongo."

Picha iliendelea kucheka. Haikuwa na haya, kama mwenye sura.

Mtaa mzima ulimwita Bi Chumvi. Wala si kwa sababu ya mapishi. Ni kwamba hakuna habari iliyopita kinywani mwake ikatoka kama ilivyoingia. Mvua ikinyesha ya kulowesha vumbi, kwake ilikuwa imebeba mbuzi. Mbuzi wa jirani akipotea, Bi Chumvi alikuwa amemwona stendi, amepanga foleni ya tiketi. Shule hakuikalia hata siku moja. Alidai alipopelekwa, mwalimu alimtazama usoni akasema, "Huyu anajua tayari, mrudisheni," na kwa kuwa mwalimu alishafariki, hapakuwa na wa kubisha.

Lakini kwenye mashuka hakuwa na mchezo. Alikuwa dobi kwa miaka thelathini na ushee, na mteja wake mkubwa alikuwa gesti iliyo nyuma ya stendi: mashuka arobaini kila wiki, meupe yote. Aliyaloweka, akayachemsha kwenye nusu pipa, akayasuuza maji matatu, yale ya mwisho yakiwa na bluu kidogo ya kung'arishia. Kisha yeye na mkwe wake, mke wa mwanawe dereva wa lori, walisimama huku na huku wakayakamua kama watu wanaogombana. Akayaanika, akayapiga pasi ya mkaa, akayakunja pembe kwa pembe. Uongo wake wote, alisema mwenyewe, ulikuwa mdomoni; mikono yake haikuwahi kudanganya mtu.

Haikuwahi, mpaka mwaka ule serikali ilipoleta mpango wa majiko bora.

Mpango ulikuwa mzuri. Kila nyumba ya mtaa ule, nyumba themanini, ijengewe jiko linalokula kuni kidogo, lenye bomba la kutoa moshi juu ya paa. Na wenye biashara ndogo za majumbani, wale wanaotegemea moto kwa riziki yao, wapewe vifaa na mafunzo. Kampuni moja ikapewa kazi, na kampuni ikamleta bwana mmoja aliyevaa kofia ngumu nyeupe ya ujenzi asubuhi, mchana, na hata akiwa amekaa kwenye kochi la mtu. Watu wakamwita Bwana Helmeti. Jina lake la kweli alilitaja siku ya kwanza, likasahaulika siku hiyo hiyo.

Jiko la Bi Chumvi lilijengwa kwa siku moja. Jioni udongo ukiwa bado mbichi, Bwana Helmeti alikuja na kamera na karatasi.

Bibi alitazama juu. Bomba lilipanda vipande viwili, likakomea hewani. Kutoka mdomo wake hadi kwenye mabati palibaki nafasi ya mtoto kusimama. Kwa jinsi lilivyopindwa kidogo, mdomo wenyewe ulielekea kwenye kamba zake za kuanikia za humo ndani, kama nyoka aliyeinua kichwa kusikiliza mazungumzo.

"Baba, hili mbona halijafika?"

"Bomba la tatu linakuja wiki ijayo, bibi. Jambo dogo. Weka dole hapa, halafu utuambie kidogo kuhusu jiko, kabla mwanga haujaondoka."

Hapo ndipo penye kosa. Mtu mwingine angesema, leteni bomba kwanza, dole langu halina haraka. Lakini kamera ilikuwa imeshamwelekea, ina taa ndogo nyekundu, na Bi Chumvi katika miaka sitini na minane ya kusema hakuwahi kupata msikilizaji asiyekatiza maneno hata mara moja. Akaweka dole. Akafunga kilemba vizuri. Akaanza.

"Jiko hili? Mwanangu, mashuka sitini nachemsha kwa vijiti vitatu, na kimoja nakibakiza cha kesho. Moshi wake una adabu: unaamka, unaaga, unatoka, wala huhitaji kuusukuma. Juzi mwewe amejenga kiota juu ya bati langu, hajui kabisa kama huku chini kuna moto."

Jiko lilikuwa halijawahi kuwashwa. Juzi lilikuwa bado matofali nje ya mlango. Bwana Helmeti alishika kofia yake kwa furaha.

Na kama ingeishia hapo, isingekuwa habari. Ila hadithi ile ilikuwa nzuri mno. Bi Chumvi aliirudia kwa mkwe wake, akairudia kwenye foleni ya maji, akairudia kwa fundi viatu. Kila alipoirudia ilikaa vizuri zaidi, mpaka mwenyewe ikamwingia. Siku ya tatu mvua ilishika tangu alfajiri, gesti ilikuwa na wageni wa mkutano, meneja anataka mashuka kesho yake. Na Bi Chumvi, mtu mzima, mwenye wajukuu, akaanika mashuka manane kwenye kamba za ndani, juu ya jiko, akawasha moto.

"Mama," alisema mkwe wake, "na bomba?"

"Moshi una akili, mwanangu. Utaona pale palipobaki, utaruka."

Moshi haukuruka. Ulitoka mdomoni mwa bomba mnene kama godoro, ukagonga mabati, ukarudi chini kutafuta aliyeuita. Mkwe akatoka nje, viganja machoni. Bi Chumvi akabaki ndani, anakohoa, anavuta mashuka kamba kwa kamba, anautukana moshi kwa majina ya ukoo wake. Saba aliyaokoa, aliyafua tena usiku kucha mpaka mikono ikachubuka. La nane ndilo lililokuwa usoni mwa bomba. Lilikuwa na duara jeusi katikati, la ukubwa wa sinia, limechorwa vizuri kama kwa bikari, na mkia wa masizi ukishuka mpaka kwenye pindo. Alilichemsha. Alilisugua. Aliliombea. Duara likakaa.

Dobi hapeleki shuka lenye doa. Bi Chumvi alilikunja pembe kwa pembe, akaliweka chini ya godoro lake, akalilalia.

Meneja wa gesti alikuwa kijana mpole, mtu wa daftari na funguo. Alihesabu mashuka, akahesabu tena.

"Mama, moja halipo."

"Lilichukuliwa."

"Na nani?"

"Mwewe."

Meneja aliinua macho. "Mwewe?"

"Mkubwa. Alishuka kama jiwe, akalikamata kwa kucha mbili. Nikavuta, akavuta. Nikamwambia, bwana, hilo ni la sita kwa sita, wewe unalala kwenye tawi. Hakusikia. Mara ya mwisho nilimwona anapita juu ya stendi, shuka linapepea, watu wanadhani ni ndege ya abiria."

Kijana wa watu alikaa na kalamu hewani kwa muda. Mwishowe akaandika kwenye daftari lake: *Shuka moja. Ndege.*

Wiki ijayo ya Bwana Helmeti ikawa mwezi, miezi ikawa minne. Bomba la tatu halikuja. Kilichokuja ni ile picha ukutani mwa ofisi. Bi Chumvi akahamisha nusu pipa lake nyuma ya nyumba, kwenye mawe matatu ya zamani, akachemshia huko kama mwizi, upepo ukila kuni zake maradufu na kumpigia moshi kwenye mashuka. Yalitoka meupe, ndiyo, lakini yalinuka. Mgeni wa gesti aliuliza kama chumba kimewahi kuungua.

Majirani nao walipita mmoja mmoja, kwa sauti za chini.

"Bi Chumvi, samahani, jiko lako lile linaendeleaje?" aliuliza mke wa fundi viatu, macho yake mekundu kama pilipili.

Angeweza kusema kweli hapo. Ulimi ulishafika mlangoni. Lakini alikumbuka picha, akakumbuka vijiti vitatu, akaona jinsi mtaa mzima utakavyomcheka mpaka kaburini, na huko wamfuate.

"La kwangu? Nikiwasha inabidi nitoke nje kuulizia moshi umefika wapi."

"Aha," alisema mke wa fundi viatu, akainama, akaenda zake.

Siku hiyo Bi Chumvi alipita mbele ya picha bila kuisalimu.

Halafu ikatangazwa kwamba kamati ya serikali ya kuangalia fedha za umma inakuja. Kampuni ilitaka hati ya kumaliza kazi. Hati ikishatolewa, kazi imekwisha, mlango umefungwa, na mwenye bomba mbili abaki na bomba zake mbili. Lakini kabla ya kuitoa, kamati ilitaka kusikia watu wenyewe, Alhamisi saa nne, kwenye ukumbi wa mtaa.

Jumatano Bwana Helmeti alikuja, akakaa kwenye kochi.

"Bibi, kesho wewe ndiye shahidi wetu namba moja. Sema yale yale tu."

"Yale yapi?"

"Ya vijiti vitatu. Na yule mwewe, usimsahau mwewe. Mwenyekiti atampenda."

"Na bomba langu?"

"Hati ikitoka tu, wiki ijayo."

Bi Chumvi alimsindikiza hadi mlangoni kwa heshima zote. Aliporudi, mkwe wake alikuwa amesimama chumbani, kageuza godoro ili alianike juani, na mkononi ana shuka.

"Mama. Hili si lile la gesti? Lililochukuliwa na mwewe?"

"Ndilo."

"Mbona liko chini ya godoro?"

Bi Chumvi hakukosa hata pumzi. "Alilirudisha. Aliliona limechafuka."

Mkwe alitaka kukasirika, akashindwa, akaketi chini akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Na kikohozi kilikuwa kile cha jikoni, kirefu, kikavu, chenye kurudi. Miezi minne alikuwa anapika humo ndani kwa sababu nyuma ya nyumba palikuwa na nafasi ya pipa moja tu. Alipomaliza kukohoa hakucheka tena.

"Mama, kesho ukisema lile jiko ni zuri, mimi sitakugombeza. Ila nitachukua sufuria zangu nikapike kwa mama yangu."

Akalikunja shuka pembe kwa pembe, kama alivyofundishwa, akaliweka juu ya meza.

Alhamisi Bi Chumvi alikwenda ukumbini na kikapu chake, shuka likiwa chini, khanga juu yake. Alikuwa hajaamua. Njiani alikuwa na hadithi mbili, na zote hazikumfaa: ya kwanza ilikuwa nzuri lakini ya uongo, ya pili ilikuwa kweli na haikuwa na mapambo hata kidogo. Alijiona kama anatoka nje bila kilemba.

Ukumbi ulijaa. Mbele walikaa watu watatu wa kamati. Mwenyekiti alikuwa mzee mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji. Pembeni yake alikaa mkaguzi, mwanamke kijana mwenye viatu vya kutembelea kweli, tepu ya kupimia mapajani na karatasi zilizojaa alama za kalamu nyekundu. Bwana Helmeti alieleza kazi ilivyofanyika, kisha akazima taa, akawasha mashine, na ukutani akatokea Bi Chumvi mkubwa kama nyumba.

"Mashuka sitini nachemsha kwa vijiti vitatu…"

Watu wakacheka. Alipofika kwenye mwewe wakapiga makofi. Bi Chumvi mdogo, aliyekaa benchi la tatu, alimtazama yule mkubwa wa ukutani akafikiri: huyu mama anajua kusema jamani, pengo tu ndilo linalomharibu.

Taa zikawashwa. Mwenyekiti akabadilisha miwani.

"Bibi, shikamoo. Hayo ni maneno yako?"

Akasimama. Kwenye benchi la nyuma alimwona mke wa fundi viatu, anajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Marahaba, baba. Maneno ni yangu. Pengo ni langu. Jiko tu ndilo silo."

Kicheko.

"Una maana gani?"

"Lile jiko linatoa moshi ndani. Bomba halikufika juu. Nililisifu kabla sijaliwasha."

Kicheko kikubwa zaidi. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Ongeza, Bi Chumvi! Na mwewe akaungua!" Wengine wakashika matumbo. Bi Chumvi alisimama katikati ya ukumbi, na kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anasema kweli tupu, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna aliyekuwa anamwamini.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema Bwana Helmeti kwa upole, "bibi yetu ni mcheshi. Dole lake liko kwenye fomu. Anasema jiko ni bora, na leo anatania."

Mkaguzi hakuwa amecheka. "Bibi," alisema, "siku ile ulisema moja, leo unasema jingine. Mimi nishike lipi?"

"Usishike maneno yangu hata moja, mwanangu. Mimi mwenyewe huwa siyashiki. Shika hili."

Akatoa khanga, akatoa shuka. Mkwe wake akasimama bila kuambiwa, akashika pembe mbili, naye akashika mbili, wakarudi nyuma kila mmoja kwake kama siku za kukamua. Shuka likafunguka katikati ya ukumbi, jeupe kama siku ya kuzaliwa, na katikati yake lile duara jeusi, mviringo kamili, na mkia wake.

Kicheko kikafa.

"Hili nililianika ndani siku ya kwanza niliyowasha," alisema Bi Chumvi. "Hapo ndipo mdomo wa bomba ulipo. Mimi ni dobi. Kumwonyesha mtu shuka lenye doa ni sawa na kumwonyesha… basi, niseme tu ni aibu. Nimelilalia miezi minne. Na meneja wa gesti nilimwambia limechukuliwa na mwewe."

Kisha kutoka benchi la nyuma ikaja sauti, taratibu, kama mtu anayeamka.

"Kumbe na lako linatoa moshi?"

Ilikuwa ya mke wa fundi viatu.

"Linatoa, mama."

"Mimi nilidhani kuni zangu ndizo mbichi. Kila siku nasema, mbona la Bi Chumvi ni zuri? Nikabadilisha kuni mara tatu!"

"Mimi nilimlaumu mume wangu," alisema mwingine. "Nilimwambia amenijengea jiko kwa mkono wa kushoto."

"Sasa si alijenga fundi wa kampuni?"

"Najua! Lakini alikuwepo, sasa nimlaumu nani?"

Na hapo wakaanza kusimama, huku na huku, nyumba hii na nyumba ile. Bomba mbili. Bomba mbili. Bomba mbili na nusu, ile nusu niliinunua mwenyewe. Kila mmoja alikuwa amefunga mlango wake na kukohoa kimya kimya, akiamini kwamba ubovu uko kwake peke yake, kwa sababu ya bibi mmoja anayecheka ukutani. Bi Chumvi aliketi. Alitamani mwewe wa kweli aje amchukue yeye.

Mkaguzi alifungua karatasi zake. "Hapa kila nyumba imeandikiwa vipande vitatu vya bomba, na vyote vimelipwa. Tena bibi, kwenye msaada wa biashara, wewe umeandikiwa pasi mbili za umeme, meza ya kupigia pasi na beseni kumi."

"Nilipewa beseni moja. Na mafunzo ya saa mbili ya kumchekea mteja. Soda ilikuwa baridi, hilo siwezi kuwadhulumu."

"Vifaa viko njiani," alisema Bwana Helmeti.

"Na sisi tuwe njiani," alisema mkaguzi, akainuka na tepu yake. "Bibi, twende kwako tukawashe."

Kamati ikatoka, ukumbi ukafuata. Jikoni kwa Bi Chumvi palikuwa na nafasi ya watu sita, wakaingia kumi na mmoja. Bwana Helmeti alisimama karibu na jiko kuonyesha imani. Bi Chumvi akapanga kuni kavu, tena kwa ustaarabu vijiti vitatu tu, akawasha. Kwa muda mfupi moto ulikuwa mzuri, hata yeye akaogopa: na jiko nalo likiamua leo kumuumbua! Kisha bomba likakohoa, likatema. Wa kwanza kutoka alikuwa mwenyekiti, miwani yote miwili imekuwa nyeusi. Wa mwisho alikuwa Bwana Helmeti, anapapasa ukuta. Kofia yake haikuwa na msaada wowote upande wa macho.

"Kuni mbichi," alisema alipopata sauti.

Mtaa mzima ukamjibu kwa pamoja, na jibu lenyewe halifai kuandikwa.

Mkaguzi alibaki mlangoni, leso puani, akapima. Bomba, vipande viwili. Kutoka mdomoni hadi kwenye bati, mita moja na robo. Akainua shuka, akaliweka kwenye kamba, duara likakaa mbele ya mdomo wa bomba sawasawa. Akaandika.

Hati haikutolewa. Mwenyekiti alitamka hapo hapo uani, akifuta miwani: kampuni ina siku thelathini kurudi nyumba kwa nyumba na kuleta kila kilichoandikwa, na maelezo ya bomba themanini zilikokwenda yatatolewa mbele ya kamati, siyo kwenye kochi la mtu.

"Na madole, baba?" aliuliza Bi Chumvi.

"Madole yamefanyaje?"

"Mtu asiweke dole lake tena kwa jiko lake mwenyewe. Dole lina tamaa ya picha. Jirani ndiye asimame nje, auone moshi juu ya paa, ndipo dole liwekwe. La jirani kwanza."

Mwenyekiti alimtazama mkaguzi, mkaguzi akaandika na hilo.

Shuka likachukuliwa kuwa ushahidi. Mkaguzi alilitia kwenye mfuko, akampa Bi Chumvi karatasi yenye muhuri.

Jumatatu meneja wa gesti alikuja mwenyewe. Kila Jumatatu Bi Chumvi ndiye aliyekwenda. Kwa hiyo alipomwona mlangoni, mikono mitupu, bila furushi, alijua. Yule kijana alikaa pembeni mwa kiti.

"Mama, umetufulia muda mrefu. Lakini wageni wanalalamika harufu ya moshi. Tajiri mwenye gesti amesema tutafute dobi mwingine. Na lile shuka pia, mama, amelidai."

"Liko serikalini," alisema Bi Chumvi.

Meneja alifumba macho kidogo. "Mama. Mara mwewe, mara serikali."

"Wallahi lile la mwewe lilikuwa uongo. Hili ni kweli."

"Ndiyo, mama."

"Nakwambia waliliweka kwenye mfuko! Walilipima kwa tepu!"

"Ndiyo, mama," alisema kijana, kwa ile sauti ya upole inayotumiwa kwa wagonjwa, na Bi Chumvi akaona kabisa kuwa kama angesema shuka limeolewa angeaminiwa zaidi. Akaenda chumbani, akatoa karatasi, akampa. Hakujua imeandikwa nini. Alijua tu ina muhuri, na muhuri haukutoka kinywani mwake.

Meneja akasoma kwa sauti, kwanza haraka, kisha polepole.

"Shuka moja jeupe, futi sita kwa sita, lenye alama ya gesti kwenye pindo. Lina duara la masizi lililosababishwa na bomba la jiko lisilokamilika. Lilitolewa kwa hiari na dobi. Kielelezo namba moja." Akageuza karatasi, akaigeuza tena. "Kwa hiyo harufu yote hii, miezi yote, ni jiko?"

"Ni jiko. Na mimi. Nusu kwa nusu. Mimi labda na zaidi kidogo."

"Kwa nini hukuniambia tu, mama?"

"Ningekwambia nini? Kwamba nimedanganywa na mtu, na mtu mwenyewe ni mimi?"

Kijana alijaribu kubaki na uso wa kazi. Alishindwa kuanzia mabegani. Alipomaliza kucheka, alikunja karatasi, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Siku thelathini, siyo? Nitamwambia tajiri asubiri siku thelathini. Nitamwonyesha na daftari, palipoandikwa ndege, acheke kwanza ndipo nimwombe. Lakini bomba lisipokuja, mama, sitakuwa na la kusema."

Siku zile Bi Chumvi alizihesabu kwa vibanio vya nguo, kimoja kila asubuhi kwenye kamba tupu. Siku ya kumi Bwana Helmeti alionekana mwanzo wa mtaa, kichwa wazi. Ilisemekana kofia ilikuwa ya kampuni. Siku ya kumi na tisa bomba zikafika kwa mke wa fundi viatu. Vibanio vilipofika ishirini na sita, mafundi wawili walipanda juu ya paa la Bi Chumvi, wakatoboa bati, wakaunganisha kipande cha tatu. Picha kule ofisini ilikuwa imeshabanduliwa. Aliiomba, akapewa, nayo ilikuwa ya plastiki nzito. Akafunikia kuni zake zisilowe, uso ukiwa chini.

Mkaguzi alikuja na fomu mpya. Mke wa fundi viatu akasimama nje, mkono juu ya macho, kichwa nyuma. Bi Chumvi akawasha.

Ndani hapakuwa na kitu. Moto tu, na mlio wake. Mkwe alisimama katikati ya chumba, akavuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaitoa, akangoja kikohozi kije, hakikuja.

"Umetoka!" ikasikika sauti kutoka nje. "Uko juu! Bi Chumvi, uko juu ya paa!"

Mke wa fundi viatu akaingia mbio, akaweka dole lake kwa nguvu mpaka wino ukaruka. Mkaguzi akamgeukia mwenye nyumba, kalamu tayari.

"Sasa, bibi. Maelezo yako kuhusu jiko."

Bi Chumvi alivuta pumzi. Mkwe wake akamtazama. Mke wa fundi viatu akamtazama. Nje, chini ya kamba, mashuka kumi ya kwanza ya gesti, ya majaribio, yalikuwa yamelowekwa yakingoja kuchemshwa, yakinuka sabuni peke yake.

"Moshi unatoka nje," alisema.

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Andika."

Mkaguzi akaandika, akafunga fomu, akaaga. Alikuwa ameshafika getini aliposikia sauti inamwita. Bibi alikuwa mlangoni, amejishika kiuno, anapigana na jambo fulani ndani ya mdomo wake, na jambo lilikuwa linashinda.

"Mwanangu! Kuna mwewe ametua pale juu sasa hivi, anaota moto mgongo!"

Mkaguzi alitazama paa. Palikuwa na bomba, na uzi mwembamba wa moshi.

"Niandike na hilo, bibi?"

"Aa, hilo usiliandike," alisema Bi Chumvi. "Hilo nakupa la njiani."